Nimefungua kasha la nyanya: daftari, kinu, na usiku mmoja wa chooni

#1 MjukuuWaKuze, Ijumaa saa 4 usiku

Assalam aleikum, na habari za usiku kwa wote. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite, tutaonana kwenye nyuzi za mpira.

Mimi ni mtu wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, ingawa kazi ya bandarini imenihamishia Mikindani. Baba alitutoka mwaka jana. Arobaini ilipokwisha, ndugu zangu wakaniachia chumba cha juu nikisafishe, maana wao walitaka kipangishwe haraka. Pembeni palikuwa na kasha la nyanya yangu mzaa baba, aliyefariki 1998. Tangu alipokufa halikufunguliwa. Ufunguo haukuonekana, nikamwita fundi, akalifungua kwa msumari na bismillahi.

Mlikuwa na kinu cha shaba na mchi wake, mrashi uliopasuka shingo, vitambaa vidogo vilivyofungwa mafundo, na harufu. Harufu ndiyo iliyonikalisha chini. Mvuje, ubani, halilinji, na kitu kama karafuu iliyozeeka. Ghafla nikawa na miaka sita, nimetapakaa tetekuwanga mwili mzima, nyanya ananiosha kwa maji ya majani ya mwarobaini na kunigombeza nisijikune.

Mlango wa nyumba ile haukuwa na mwenyewe. Alikuja mzazi wa siku saba kukandwa, akaja baharia na mgongo wake, akaja mama na mtoto wa homa. Nyanya hakuwa na bango wala bei. Ukiwa na chochote unakiacha chini ya mkeka, huna basi huna. Baba hakuyapenda mambo hayo. Alikuwa karani, mtu wa shati lililopigwa pasi, na kila mtu aliposimama barazani kuuliza "mganga yupo?" yeye alifunga dirisha. Nyanya alipozikwa, kasha likafungwa na sisi tukakuzwa kwa vidonge. Miaka yote hiyo nimeamini kwamba baba aliona haya.

Sasa, chini kabisa ya kasha nikakuta daftari. Kurasa kama sitini, wino wa buluu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Madrasa nilisoma na msahafu naufungua, lakini hati ya nyanya ni habari nyingine. Hakutia irabu. Ni herufi tupu, kama mifupa ya samaki iliyobaki sahanini, na nyama uijazie mwenyewe.

Mkasa wenyewe ni huu. Tumbo langu, mniwie radhi, ni tumbo la mtu wa kiti. Siku tatu, siku nne, kimya. Neno la kwanza nililolitambua bila kubahatisha lilikuwa *sanamaki*. Mstari ulisema majani kiasi cha kushikwa na vidole vitatu, maji ya moto, funika, kisha neno moja, halafu "kimoja", halafu "usiku". Lile neno nikalisoma *kikopo*.

Jumamosi nikaenda Marikiti, nikapimiwa sanamaki kwenye gazeti. Kikopo nilichokuwa nacho ni cha maziwa. Nikaona majani ya vidole vitatu kwa kikopo kizima ni kidogo, nikaongeza ya pili na ya tatu kwa rai yangu. Nikanywa chote saa 3 usiku, kwa imani na kwa heshima ya mababu.

Saa 9 usiku nikaamka. Sitaeleza mengi. Mke wangu alihamia chumba cha watoto, na adhana ya alfajiri niliisikia nikiwa mahali ambapo mtu haruhusiwi kuiitikia.

Lakini sikuandika uzi ili mcheke tu. Nataka kurudi kwenye jambo hili, na sijui pa kuanzia. Nani hapa kwao walikuwa watu wa dawa, kizazi kimoja kikakata, naye akaunga tena? Ulishika wapi kwanza?

#2 Bodaboda_Kisauni

Mkuu nimesoma nikiwa kwenye foleni ya Buxton, abiria akauliza nacheka nini, nikamsomea. Naye amelia.

"Nikaongeza kwa rai yangu." Hapo ndipo ulipojimaliza.

#3 NaziMbili

Kikopo cha Nyanya! Mnakikumbuka Kikombe cha Babu? 2011, Loliondo kule Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe kimoja shilingi 500 za kwao, mizizi ya mugariga, na magari yamepanga foleni ya siku nyingi. Mamangu alikwenda na kundi la watu wa Majengo, wamekodi matatu. Alirudi na vumbi la Serengeti na ugonjwa wake ule ule wa presha. Ila alirudi na furaha, siwezi kusema uongo, kwa wiki mbili alikuwa kama msichana.

Mchungaji mwenyewe amefariki 2021. Mama yupo, na vidonge vyake vya presha yuwanywa.

#4 UkutiMkavu

Mimi nitawaharibia kicheko, mtanisamehe.

Kaka yangu alikuwa na sukari ya kudungwa sindano. "Tabibu" mmoja, sitamtaja wala mahali pake, alimwambia insulini ndiyo inayomfanya mgonjwa, aiache, akampa unga wa chupa tatu. Alikuwa na cheti ukutani, koti jeupe na lafudhi nzuri. Kaka aliacha sindano Jumatatu. Jumapili tukamzika.

Kwa hiyo nikisikia mtu asema anarudi kwenye dawa za mababu, moyo wangu unafunga mlango. Hao mababu wenyewe sina neno nao. Ninaowaogopa ni hawa wanaoota ndoto usiku, asubuhi wakaamka na chupa. Kila nguzo ya stima kutoka Mwembe Tayari hadi Kongowea ina karatasi: mapenzi, kesi, nguvu za kiume, mali iliyopotea, piga namba hii. MjukuuWaKuze, wewe umejijaribia mwenyewe, ukachafua choo, ikawa hadithi. Je, ungemjaribia mwanao?

#5 MjukuuWaKuze

Dada Ukuti, Mola amrehemu kaka yako.

Swali lako limenishika. Ukweli ni kwamba majani yaliyobaki nilikuwa nimeyatenga kando nimpe binti yangu, naye ana matatizo ya tumbo kama mimi. Ana miaka tisa. Ningempa nusu kikopo. Nimeandika hivi sasa na mkono umepoa.

#6 KalamuYaMwanzi

Mimi hufundisha madrasa hapa Makadara na mapenzi yangu ni maandishi ya wazee. Hebu tulitazame neno lako.

Wazee wetu herufi ba moja waliibebesha mizigo mitatu: b, p na mb. Dhumma ni u, na hiyo hiyo ni o. Kasra ni i, na hiyo hiyo ni e. Aliyeandika barua kwa jamaa yake hakujisumbua kutia irabu, kwa sababu msomaji alijua kinachosemwa kabla hajafungua bahasha. Sasa andika kaf, kaf, ba, ukome hapo. Yaweza kuwa *kikopo*. Yaweza pia kuwa *kikombe*. Na ile "kimoja" ya mbele haikusaidii, maana maneno yote mawili ni ya ngeli moja.

Na ukisoma kikombe usifikirie kile cha chai chenye mkono. Mwanamke wa Mji wa Kale akisema kikombe bila kuongeza neno, mimi ningetazama kwanza kikombe cha kahawa chungu, kile cha muuza kahawa anayevigonganisha jioni watu watoke barazani. Hicho ni mafunda matatu. Kikopo chako cha maziwa chameza vikombe hivyo vitano au sita. Na majani uliyazidisha mara tatu juu yake.

La pili, kwa vile umetaja "mababu". Vitu ulivyovitaja kwenye kasha, vingi havikuota hapa. Mvuje hutoka Uajemi na Afghanistan. Halilinji ni ya Bara Hindi. Ubani waletwa kutoka Somalia na Dhofar. Sanamaki yenyewe ni mti wa nchi kavu za huko Sudan, Arabuni na India. Hata mwarobaini, ambao watu wa Kilifi waliupenda mpaka ukaitwa mkilifi, asili yake ni Bara Hindi. Kasha la nyanya yako lilijazwa na kaskazi, likasubiri kusi, likajazwa tena. Nayasema haya kwa sababu nawasikia vijana wakisema "dawa zetu halisi" kama kwamba zilitoka ardhini pamoja nasi. Zetu ni kwa sababu tulijua kuzitumia.

#7 DawaDirishani

Nimekuwa nikipita tu, lakini hapa lazima nisimame. Mimi ni mfamasia, nina dirisha langu Changamwe, na nyanya yangu mwenyewe alikuwa akiuza dawa za mizizi Mwembe Tayari. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za kaunta.

Kwanza wewe mgonjwa. Sanamaki si mchezo na si uzushi. Ndiyo iliyomo ndani ya vidonge vya kulainisha choo ninavyouza mimi kila siku. Huchukua saa 6 hadi 12 kufanya kazi, ndiyo maana nyanya akaandika usiku, na ndiyo maana wewe uliamka saa 9. Kuzidisha hukausha maji na chumvi mwilini, moyo ukayumba. Siku nyingine ukifika hapo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Ukiona kizunguzungu, hospitali. Na usiifanye sanamaki kuwa chai ya kila siku, utumbo hulegea ukasahau kazi yake.

Sasa niwape kisa ninachokipenda, kwa sababu kinamhusu mtu aliyekuwa na daftari kama lako. Mchina mmoja, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria kwenye vitabu vya kale. Mmea aliujua, pakanga ya Kichina. Waliuchemsha kama kawaida, mara ukafanya kazi, mara ukagoma. Akarudi kusoma. Tabibu Ge Hong wa karne ya 4 alikuwa ameandika kuloweka majani majini, kuyakamua na kunywa maji yake. Hakusema kuchemsha. Mwanamke yule akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiua dawa, akaitoa kwa ubaridi, na dawa ikakaa. Hiyo ndiyo artemisinini, imo kwenye dawa mseto ya malaria ambayo kila nyumba ya Mombasa imeinywa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Neno moja la jinsi ya kutengeneza, watu walilipita kwa sababu walidhani jina la mti linatosha. Na kabla hujakimbilia kupanda pakanga uani: Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani yake, maana kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani, na vimelea huzoea.

Ninayoyaona dirishani ni haya. Mtu anakunywa vidonge vya sukari, huku anatafuna uwatu kwa wingi. Uwatu kweli hushusha sukari, vyote viwili vikakutana, akaanguka sokoni. Mwingine yuko kwenye dawa za kuyeyusha damu, kaongeza kitunguu thomu cha kumeza kila asubuhi, fizi zinavuja. Mama kamnywesha kichanga mafuta ya mbegu za mwarobaini. Kuoga majani ni jambo moja, lakini mafuta yale yamewahi kuleta degedege na vifo kwa watoto wachanga. Hakuna aliyeniambia kabla sijauliza. Wanaogopa nitawacheka.

Na ule unga wa nguvu za kiume wa kwenye nguzo, dada Ukuti, usidhani ni mizizi. Sehemu nyingi duniani umepimwa ukakutwa umesagiwa vidonge vya hospitali ndani yake. Ndiyo maana "unafanya kazi". Mwenye moyo mbovu unamlaza.

#8 Bodaboda_Kisauni

Hiyo aya ya mwisho nimeituma kwa mtu. Sitasema nani. Si mimi.

#9 MwanaKinondo

Mimi ni Mdigo wa Kinondo, kwetu ni karibu na kaya, msitu mtakatifu wa wazee wetu. Nimecheka kikopo, nikanyamaza kwa dada Ukuti.

Swali la mwenye uzi lilikuwa "ulishika wapi kwanza". Mimi nilimshika babu, mzee mzaa mama, akiwa bado na macho. Mwaka mzima wa kwanza hakunipa dawa hata moja. Kazi yangu ilikuwa kubeba jembe na kufukia. Ukichimba mzizi unachimba upande mmoja tu wa mti, unachukua kidogo, unarudisha udongo na kuukanyaga. Gome unakwangua kipande, huuzungushi mti mkanda, ukiuzungusha umeua. Siku niliyosahau kufukia alinirudisha maili mbili nikafukie, jua la saa 8.

Na ndani ya kaya hukuti mtu anachimba ovyo. Ukiingia Kaya Kinondo unajifunga kaniki, na hutoki na kitu, hata kijiti cha kuchokolea meno. Msitu wenyewe ni hekta kama 30 tu, umezungukwa na hoteli na viwanja vinavyouzwa. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa 1992, na 2008 UNESCO ikaziingiza kwenye urithi wa dunia. Sisi twasema bila wale wazee na masharti yao, hao wengine wangekuta visiki.

Kisa cha mtipitipi ndicho nilichofundishwa kabla ya vyote. Mnaujua, ule wenye mbegu nyekundu na jicho jeusi, watoto huzitunga shanga. Majani yake ni matamu, wakubwa huyatafuna kwa kikohozi. Mbegu yake ukiitafuna ikapasuka ni sumu ya kuua. Jina ni moja, kamba ni moja ya kupanda. Babu aliniwekea jani na mbegu kiganjani, akasema nieleze kipi ni mtipitipi. Nikasema vyote. Akasema basi bado.

Jambo la baba yako kufunga dirisha, usilichukulie wepesi. Wakoloni walileta Sheria ya Uchawi 1925, na tangu hapo mbele ya ofisa mganga na mchawi wakawa watu wa benchi moja. Hata leo, Kilifi na Kwale, mzee akiota mvi na macho yakawa mekundu kwa moshi wa jikoni, anasingiziwa uchawi anakatwa mapanga, na mara nyingi ukichunguza nyuma yake kuna shamba. Mtu akisikia "mganga yupo?" mlangoni usiku, ana haki ya kuogopa.

#10 NaziMbili

MjukuuWaKuze, tuwekee picha za daftari basi! Sote tusaidiane kusoma.

#11 MwanaKinondo

Usiweke. Nakuomba kama ndugu yako, usiweke.

Kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na hata Katiba ya 2010 imetaja kulinda maarifa ya wenyeji. Mtu akitaka kutumia maarifa ya jamii lazima apate ridhaa ya wenyewe. Lakini picha ikishatoka kwenye simu yako, ridhaa utamdai nani? Na zaidi ya wezi kuna hatari nyingine. Watu elfu watasoma "kikopo".

#12 KalamuYaMwanzi

Niko na MwanaKinondo. Mwenye uzi, daftari lile liliandikwa kwa mtu mmoja anayelijua tayari. Mtafute huyo. Nyumba ya namna ile haikosi binti aliyekuwa akishika taa.

#13 MjukuuWaKuze, wiki tatu baadaye

Nimerudi, na nina habari.

Neno la "aliyeshika taa" halikunipa usingizi. Nikamkumbuka shangazi, dada mkubwa wa baba, yuko Likoni, amepita miaka themanini. Tangu matanga sikumwona, na hilo ni aibu yangu. Jumapili nikavuka feri, daftari ndani ya mfuko wa nailoni kana kwamba nabeba mtoto mchanga.

Shangazi macho yamefunga, mtoto wa jicho pande zote mbili. Nikamwekea daftari mkononi, akalinusa kwanza. Kisha akasema, "Soma." Nikamwambia hati ni ngumu. Akasema, "Soma ulivyoweza, mimi n'takwambia lisemwavyo." Nikaanza na sanamaki. Nilipofika kwenye kikopo alinikatiza.

"Nini?"

"Kikopo kimoja, shangazi."

"Kikopo chatiliwa kuku maji! Kikombe, baba. Kikombe cha kahawa. Nani alokupa kikopo?" Nikamweleza yaliyonipata. Alicheka mpaka akaomba shuka la kujifutia, na mjukuu wake akaja mbio akidhani bibi amepaliwa.

Alipotulia akaniuliza kitu ambacho hakimo daftarini. "Na yale maswali, ulijiuliza?" Maswali gani? Akashangaa kweli kweli. Kwake yeye maswali na sanamaki ni kitu kimoja, kama kikombe na kisahani. Nyanya hakumpa mtu sanamaki kabla ya kuuliza: Watapika? Upepo watoka au umefunga kabisa? Na kama ni mwanamke, mwezi wako uliingia lini? Halafu amlaze, amminye tumbo taratibu, atazame uso wake wala si tumbo. Akiona jibu limekwenda kombo alisema maneno mawili, "Si yangu." Hapo hupati hata maji ya moto, hata ulie.

Akanihadithia mtoto wa jirani, usiku wa mvua. Watu wamemleta tumbo limemkaza, mamake ataka sanamaki, ashaisikia kwa wengine. Nyanya akaminya chini upande wa kulia. Mtoto alivumilia. Alipoachia mkono ndipo akapiga ukelele. Nyanya akavaa buibui pale pale akampeleka hospitali mwenyewe. Kilikuwa kidoletumbo, akapasuliwa usiku ule ule. Yule mtoto yu hai, ana wajukuu Kisauni.

"Na teksi," akasema shangazi, "alikwenda kuitafuta babako, mvua yote ile."

Nikanyamaza. Nikamwambia mimi nilijua baba alikuwa akiona haya mambo ya mamake. Shangazi akatikisa kichwa. Haya alikuwa nayo kidogo, ya ujana, ikaisha. Kasha alilifunga kwa sababu nyingine. Nyanya alipokufa watu hawakuacha kuja. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, wabisha hodi: mwanawe yupo, daftari lipo, tupe. Na baba daftari aliweza kulisoma lote, tangu ukurasa wa kwanza, maana ndiye aliyekuwa akimsomea mamake macho yalipopungua. Kumbe. Mimi nimeishi naye miaka yote ile, nikidhani hata alifu ameisahau.

Akamwambia dada yake hivi, naandika kama alivyoninukulia: "Kuwapa n'taweza. Kuwanyima sitaweza." Akafunga kasha. Ufunguo, asema shangazi, aliutupa baharini pale mbele ya Ngome, lakini shangazi hutia chumvi, kwa hiyo hilo liwekeni kando.

Niliporudi na feri ya magharibi sikutaka kuongea na mtu.

#14 UkutiMkavu

Nimeisoma hii mara mbili.

Kaka yangu hakukutana na mtu wa kumwambia "si yangu." Basi.

Mpe shangazi salamu zangu. Hanijui, lakini mpe.

#15 DawaDirishani

Yale maswali matatu na kule kuminya na kuachia, ndiyo yale yale tuliyofundishwa sisi darasani. Tumbo lililofunga kabisa pamoja na kutapika, mimba, au maumivu ya kidoletumbo: hapo sanamaki haigusi mdomo. Nyanya wa Kuze alikuwa anayajua barazani.

Mimi kesho naanza kuuliza dirishani kwa namna nyingine. Nimekuwa nikiuliza "unatumia dawa za kienyeji?" wote wanasema la. Nitauliza, "nyumbani mmemfanyia nini kabla hamjaja?"

Na kwa mwenye uzi: Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu yake ya tiba za jadi. Ukifika siku ya kutibu mtu asiye wa nyumbani kwako, fuata njia ya kujiandikisha, usifanye kimya kimya. Lakini naona siku hiyo iko mbali.

#16 MjukuuWaKuze

Iko mbali mno, daktari. Shangazi amenikubali kwa masharti. Kila Jumapili, feri ya saa 2 asubuhi. Simpi mtu kitu, hata mke wangu. Jumapili ya kwanza nimeosha kinu kwa ndimu na majivu mpaka shaba ikanirudishia uso wangu. Ya pili tumesoma kurasa mbili, mimi nasoma, yeye anasahihisha, na kila neno la kipimo nalitia irabu kwa wino mwekundu kama alivyoagiza. Tumepata maneno manne mengine niliyoyakosea. Moja lingekuwa la kunimaliza.

Ya tatu tulikwenda nyuma ya nyumba kutafuta mtunguja, ambao nyanya alitumia mzizi wake. Shangazi alikumbuka penyewe hasa, hatua thelathini kutoka kisimani. Tumehesabu hatua thelathini tukagonga ukuta wa gorofa. Mlinzi akatuuliza tunatafuta chumba cha kupanga.

#17 MwanaKinondo

Mtunguja huku Kinondo uko wa kumwaga, kando ya njia za ng'ombe. Njoo na shangazi. Lakini ujue utafukia wewe.

#18 Bodaboda_Kisauni

Swali la mwisho kwa niaba ya wananchi. Ile sanamaki iliyobaki kwenye gazeti iko wapi?

#19 MjukuuWaKuze

Shangazi ameichukua yote, kaihesabu kwa vidole kitambaani, kafunga fundo. Jana nikamwambia tumbo limefunga tena siku ya tatu, nikamwomba kidogo tu, ya kikombe. Akaniuliza maswali, akanilaza kwenye mkeka, akaniminya. Halafu akaniambia niende nikale papai, ninywe maji, niache kukaa kwenye kiti mchana kutwa kama jiwe la kusagia.

Sikupewa.

#20 Bodaboda_Kisauni

Papai ngapi lakini? Uliza vizuri. Usije ukasoma gunia.